Bei ya Dagaa na Bei ya Ushindi

Mlioko darasani chukueni kalamu na karatasi, maana somo la leo lina hesabu. Mwalimu aandike tarakimu ubaoni tukiendelea.

Wewe unayekaa Igogo unazijua habari za dagaa. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa ziwani, dagaa hujaa, bei hushuka. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri. Wanaopatikana ni wachache, walaji ni wale wale, na bei hupanda. Dagaa hawakuzidi utamu. Walipungua tu.

Sasa twende kwenye kibanda cha kubeti. Huko nako kuna bei, nayo huitwa odi. Odi ya 1.80 maana yake, ukiweka shilingi 1,000 na timu yako ikashinda, utapewa shilingi 1,800, pamoja na ile elfu yako. Ikishindwa, huna kitu. Kampuni ndiyo muuzaji, na bidhaa yake ni ahadi. Lakini angalia: odi ikishuka, ahadi imekuwa ghali, kwa kuwa elfu ile ile itakuletea kidogo.

Tuseme Simba na Yanga wanacheza fainali, ambayo lazima mshindi apatikane. Watu 100 wameweka shilingi 1,000 kila mmoja, nusu kwa Simba, nusu kwa Yanga, na odi ni 1.80 pande zote. Kampuni imepokea shilingi 100,000. Yeyote akishinda, italipa watu 50, yaani shilingi 90,000. Shilingi 10,000 zinabaki kwake, wala haijali nani kafunga.

Je, watu 70 wakimtaka Yanga na 30 tu wakimtaka Simba? Yanga akishinda, kampuni italipa shilingi 126,000, nayo imepokea 100,000. Hasara! Kwa hiyo, ikiona fedha zinaelemea upande mmoja, hushusha odi ya Yanga, labda hadi 1.50, na kupandisha ya Simba, ili wanaokuja nyuma wavutwe upande wa pili. Aliyekwisha kuweka fedha zake hubaki na odi yake ya kwanza.

Odi ya mwanzo huwekwa na kampuni yenyewe, kwa kupima nguvu za timu. Baadaye fedha za watu huisukuma, na habari pia, kama vile mchezaji hodari kuumia. Tena, elfu mbili yako haiwezi kuitikisa odi ya mechi ya Uingereza. Huko fedha zinatoka dunia nzima.

Wako wanaoona odi imeshuka wakanong'ona, "Kuna siri, wakubwa wamejua." Huenda ni watu wengi tu wamenunua kwa mapenzi. Pamba Jiji, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024, ina wapenzi wengi hapa Mwanza. Wapenzi wakiwa wengi dirishani, hujiuzia ahadi kwa bei ghali wenyewe.

Na ule mkeka, yaani mechi nyingi katika karatasi moja? Hapa ndipo mshahara wa kibarua unapokwenda. Katika mfano wetu wa kwanza, kila shilingi 1,000 ilirudisha 900 kwa wastani. Ukiunganisha mechi mbili za namna hiyo, wastani ni 810, maana kampuni hukata juu ya makato. Mechi tano ni kama 590 tu. Odi za mkeka huzidishwa, na makato nayo huzidishwa. Lakini makato hayaandikwi kwenye karatasi.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kusimamia biashara hii, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Mtoto asitumwe kibandani.

Hesabu ya darasa: watu 60 wameweka shilingi 1,000 kila mmoja kwa timu ya kwanza, na watu 40 kwa timu ya pili. Odi ni 1.80 pande zote. Kampuni itapata au itapoteza kiasi gani timu ya kwanza ikishinda? Na ya pili ikishinda? Kisha semeni ni odi ipi itashushwa.