Lipia Mbu, Usilipie Programu

Mbu wa Siaya amewekwa saa nzima kwenye karatasi yenye kiuadudu na ametoka akiwa hai. Mwenzake aliyefugwa maabara amekufa. Mtafiti anataka kujua ni jeni zipi zilizomwokoa huyu wa kwanza, kwa hiyo anatoa RNA, anaituma ikasomwe, na baada ya wiki kadhaa anapokea kiungo cha mafaili. Hapo ndipo inapoanza bili ambayo wengi hawaiweki kwenye bajeti: nani atazifanya hizo hesabu, kwa programu ipi, na kwa pesa ngapi?

Kisumu na viunga vyake si wageni wa swali hili. Watafiti wa KEMRI pale Kisian na wa icipe kule Mbita wamewachunguza mbu wa malaria kwa miaka mingi, na usugu dhidi ya dawa zinazotiwa kwenye vyandarua ni miongoni mwa mambo yanayowakosesha usingizi. Jeni zinazosakwa aghalabu ni zile za kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja sumu, kama CYP6P9a na CYP9K1 za Anopheles funestus, ambazo kwa mbu sugu huonekana zikifanya kazi kupita kiasi. Wanaozisaka ni wanabiolojia hodari, ila wengi wao somo la takwimu walilifanyia mtihani chuoni wakalifunga hapo.

Kabla ya kulinganisha bei, jiulize kama unahitaji programu maalumu. Kama swali lako linahusu jeni nne unazozijua tayari, kipimo cha qPCR kinatosha, na hesabu zake zinaingia kwenye Excel bila shida. Na kama bado unajifunza, ghala la data la GEO huko Marekani liko wazi tangu 2000. Ndani yake mna kitufe cha GEO2R kinacholinganisha makundi mawili ya sampuli za watu wengine bila wewe kuandika agizo hata moja. Hilo ni bure kabisa.

Sasa tuseme umeshasoma RNA ya mbu wako. Kishawishi cha kwanza ni Excel, maana tayari imo kwenye laptopu. Kuangalia jedwali ni sawa. Kupima jeni kwa Excel ni kujitafutia balaa. Anopheles gambiae ana jeni zipatazo 13,000 za kutengeneza protini. Ukipima kila moja kwa kigezo cha 0.05 ulichofundishwa chuoni, jeni 650 hivi zitaonekana zimebadilika kwa bahati tu, hata kama mbu wako wote ni sawa. Programu maalumu hurekebisha hilo na kukupa safu nyingine, ambayo katika DESeq2 inaitwa padj. Hiyo ndiyo ya kusoma. Ile ya pvalue iache ilivyo, hata kama inakupa orodha ndefu na ya kupendeza.

Excel ina kero nyingine pia: majina ya jeni za binadamu kama SEPT1 inayageuza kuwa tarehe. Mwaka 2016 ilibainika kwamba karibu makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo, na 2020 wanaosimamia majina ya jeni wakaamua kuyabadili majina yenyewe. Sisi wa mbu tumenusurika kwa kuwa vitambulisho vyetu, kwa mfano vya Anopheles gambiae, huanza na herufi kama AGAP.

Njia inayomfaa anayeanza ni Galaxy. Unafungua kivinjari, unapakia mafaili, unabofya. Anayejisajili kwenye seva ya Marekani hupewa gigabaiti 250 bila malipo, na masomo yake ya kujifundisha pia ni bure. Gharama yake ni intaneti na subira. Piga hesabu: sampuli 12, kila moja ikiwa na mafaili mawili ya gigabaiti mbili, ni gigabaiti 48. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kupakia tu ni karibu saa 11, na hapo umeme usipotee. Kwa bando la simu hilo ni jambo la kujuta. Yapakie mafaili ukiwa chuoni usiku, au uliza kama taasisi yako ni mwanachama wa KENET, mtandao wa elimu na utafiti.

Ukishapata jedwali la idadi ya vipande vya RNA vya kila jeni, ambalo ni la megabaiti chache tu, mzigo umeshuka. Jedwali hilo laweza kuingizwa kwenye iDEP au Degust, nazo ni za kubofya na za bure. Tatizo la kubofya ni kwamba baada ya miezi sita mhakiki wa jarida atakuuliza ulibofya nini, nawe uwe huna kumbukumbu. Galaxy huhifadhi historia ya kila hatua, na kwa hilo pekee ningeichagua kuliko nyingine za aina yake.

Lugha ya programu ya R pamoja na vifurushi vya Bioconductor nayo ni bure, na ndiyo wanayoitumia wataalamu wenyewe. Bei yake ni muda wako: miezi, wala si wiki. Kwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka mitatu mbele yake, ni uwekezaji mzuri. Kwa mkuu wa maabara mwenye vikao kila siku, ni ndoto. Laptopu ya kawaida haina tatizo. Jenomu ya mbu ni ndogo, kama moja ya kumi ya ile ya binadamu.

Programu za kulipia, kama CLC Genomics Workbench na Partek Flow, zina sura nzuri na watu wa kukusaidia. Kwa kawaida huuzwa kwa leseni ya muda, na ruzuku ikiisha leseni nayo huisha. Nijuavyo mimi, hakuna hesabu muhimu ya kazi hii inayopatikana humo isipatikane bure kwingine.

Data ya wagonjwa ni habari nyingine. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu data ya jeni kuwa nyeti, kwa hiyo usiipakie kwenye seva ya nje kabla ya kamati yako ya maadili kukuruhusu. Mbu hana sheria hiyo.

Na pesa uliyookoa uipeleke wapi? Kwenye marudio, yaani sampuli huru zaidi kwa kila kundi. Mwaka 2016 watafiti wa Dundee, Uskoti, walichapisha jaribio la hamira lenye marudio zaidi ya 40 kwa kila kundi. Walipobakiza matatu tu, programu nyingi zilipata asilimia 20 hadi 40 ya jeni zilizopatikana kwa seti nzima. Zile zilizobadilika zaidi ya mara nne zilionekana vizuri hata kwa matatu. Ushauri wao ni sita kwa uchache.

Hapa ndipo maabara nyingi huteleza. Mbu kumi waliosagwa ndani ya kichupa kimoja ni sampuli moja, si kumi. Pia kuna suala la wa kulinganishwa naye. Jamii ya mbu wa maabara inayoitwa Kisumu, ya Anopheles gambiae, inatumiwa duniani kote kama mfano wa mbu asiye sugu. Lakini imefugwa ndani vizazi na vizazi, kwa hiyo tofauti yake na mbu wa porini leo haitokani na usugu peke yake. Ongeza kundi la tatu: mbu wa porini, wa kijiji kilekile, ambao hawakuguswa na dawa. Na RNA ya makundi yote itolewe kwa kupishanisha sampuli zao, siku zilezile. Ukitoa ya porini Jumatatu na ya maabara Ijumaa, hakuna programu itakayotenganisha athari ya siku na ya asili ya mbu.

Ukiwa na pesa ya kumlipa mtakwimu au mtaalamu wa bioinfomatiki (Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kinawafundisha hadi shahada ya uzamili), mlipe saa mbili kabla ya kukusanya mbu badala ya wiki mbili baada ya data kufika. Kwa mradi mdogo wa hapa kwetu, uamuzi wangu ni Galaxy, marudio sita na makundi matatu. Anayeshawishika kupunguza sampuli hadi moja kwa kila kundi ajue kwamba DESeq2 ya sasa hugoma na kutoa ujumbe wa kosa.