Zahanati ikiomba pesa, isihesabu matofali pekee

Kamati nyingi za zahanati bado humkimbilia mbunge. Chini ya Katiba ya 2010, zahanati ni jukumu la kaunti, na ombi lafaa kupelekwa huko mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 iliyotangulia. Anayengoja hadi Juni amechelewa.

Bajeti nazo huishia kwenye saruji na mabati. Je, muuguzi wa usiku atalipwa na nani? Wodi ya uzazi isiyo na mkunga hufungwa kwa kufuli, na akina mama wakaendelea kujifungulia njiani. Friji ya chanjo nayo lazima ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8 usiku na mchana. Stima ikipotea kwa muda mrefu, chanjo za watoto huharibika. Kwa hivyo andikeni bei ya sola, tangi la maji, ukarabati na mishahara, mkiambatisha bei za wauzaji.

Idadi ya waliojifungua itolewe katika rejista ya zahanati, mwezi kwa mwezi, wala si makisio ya mwenyekiti.