Wenye kuletea mine vitu: hesabu ya moshi inaanzia mu litre ya mazutu

Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kila mine kubwa iko na masosiete yenye kuiletea vitu: chokaa, asidi, mapine, mafuta ya mashine, pompe, kasake na bote. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi ya sous-traitance iwe mu mikono ya sosiete zenye mtaji mkubwa wa Wakongomani. Leo familia nyingi zinakula kupitia depo hizo, hata kama hazina mtu anayeshuka ku shimo.

Ulizo mupya linafika sasa kwa ma-fournisseur hao: munatoa gazi karboniki kiasi gani? Ulizo hilo lilitoka mbali. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria namba 2023/1542, yenye kudai watengenezaji wa betri za gari za umeme watangaze gazi inayotoka tangu madini yanapochimbwa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Basi mwenye betri anauliza mwenye kusafisha kobalti, huyu anauliza mine, na mine inageukia fournisseur. Asiyekuwa na jibu anaweza kupoteza kontra. Na kontra ikipotea, patron si yeye wa kwanza kulala njaa.

Jibu haliombi mashine za bei kali. Linaomba kaye na bic. Kila litre ya mazutu inayochomwa inatoa karibu kilo 2.7 za gazi karboniki. Mwenye kujua litre zake anajua sehemu kubwa ya moshi wake.

Barabara njo inakula zaidi

Tuchukue mfano. Kamyo ya depo ya Lubumbashi inapeleka vitu Kolwezi, karibu kilometa 300, kisha inarudi. Ikikunywa litre 25 kwa kilometa 100, safari moja inamaliza litre 150, ni kusema kilo 400 za gazi. Mara nyingi inaenda nusu tupu, juu mtu wa mine aliita leo pompe moja, kesho atakumbuka boulon. Kama mine na depo wanapatana siku moja ya kupeleka vitu kwa juma, na safari mbili zinakuwa moja, mwaka mzima depo inabakisha litre 7,800. Hiyo ni tone 21 za gazi, na ni makuta pia.

Kasumbalesa nako kuko kazi. Kamyo kubwa iliyosimama ku foleni na moteri inawaka inakunywa karibu litre 3 kwa saa. Saa 10 ni litre 30, bila kusogea. Shofere hazimi kwa sababu anaogopa foleni isimwache, ao anataka hewa baridi mu kabini. Mukubwa wa depo anayetayarisha karatasi za duane mbele kamyo haijafika anapunguza moshi kuliko yule anayemkaripia shofere tu.

Kwa safari ndefu, reli inashinda kamyo, kwani treni inakunywa mazutu kidogo sana kwa kila tone inayobeba. Njia ya Lobito, yenye kupitia Dilolo na Angola, ilirudia kubeba shaba ya Kolwezi. Mabehewa yanayoshusha shaba yanaweza kupandisha vitu vya ma-fournisseur. Lakini upande wetu reli ya SNCC ni ya zamani na treni inatembea polepole. Kitu cha haraka kitaendelea kuja kwa kamyo. Chokaa na asidi, vyenye kuagizwa miezi mbele, vinaweza kungoja treni.

Grupe nyuma ya depo

Umeme wa SNEL unatoka mu maji: Nzilo na Nseke ku Lualaba, Mwadingusha na Koni ku Lufira, pamoja na laini ya Inga yenye karibu kilometa 1,700. Ni umeme wenye moshi kidogo sana. Shida ni delestaje. Umeme ukikatika, grupe inawaka, na jirani wa depo wanavuta ule moshi pamoja na watoto wao.

Grupe yenye kukunywa litre 10 kwa saa, saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, inamaliza litre 2,000: zaidi ya tone 5 za gazi. Mara nyingi inanguruma juu ya taa, ordinatere mbili na frigo. Vitu hivyo pano za jua na betri zinaviweza. Grupe ibaki ya kuinua mizigo mizito tu.

Kitu kinachoharibika kina moshi wake

Tone moja ya chokaa, jiwe linapochomwa, inatoa karibu kilo 785 za gazi kutoka mu jiwe lenyewe, bila kuhesabu moto wa tanuru. Gunia likilowana na mvua ya Desemba, moshi wote huo ulikuwa wa bure. Paa nzuri, magunia juu ya mbao, na kutoa kwanza yale yaliyoingia kwanza: hiyo pia ni kupunguza gazi. Vilevile pompe iliyotengenezwa ku ateliye ya Likasi inazuia pompe mupya kuvuka bahari.

Nani atalipa?

Hapa watumikaji wafungue macho. Kuko patron anayeweza kusema «tunapunguza moshi», kumbe anapunguza bus ya watumikaji ao anafukuza mashofere kwa sababu safari zimepunguka. Makuta ya mazutu inayobakia yanaonekana mu fakture. Tunaona ni haki delegasyon sendikali iombe kuonyeshwa hesabu hiyo kila mwezi: litre ngapi mbele, litre ngapi sasa, na sehemu gani inarudi kwa shofere aliyezima moteri na kwa mutu wa depo aliyelinda chokaa. Bila wao, hakuna litre itakayobaki.