Ulafi wa gari kuukuu hautibiwi kwa hirizi

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) inapotangaza bei mpya za mafuta, kuna kundi la Wakenya ambalo hutega sikio kuliko wengine. Hawa ni wenye magari madogo yaliyokula chumvi nyingi: mwalimu ambaye shule yake i kilomita 20 kutoka nyumbani, muuguzi wa zamu ya usiku, mchuuzi anayebeba mboga alfajiri kutoka sokoni. Kwao gari si pambo, ni jembe. Ole wao jembe hilo linapoanza kula kuliko linavyolima!

Penye dhiki hapakosi mganga. Madukani na kando ya barabara huuzwa sumaku za kufungwa kwenye mpira wa petroli, vipepeo vya kuzungusha hewa inayoingia kwenye injini, vidonge vya kutumbukizwa tangini na vijisanduku vya kuchomekwa karibu na usukani. Kila kimoja huja na ahadi ya kupunguza matumizi ya mafuta kwa robo, hata nusu. Mimi naziita hirizi. Hoja yangu ni kwamba ulafi wa gari kuukuu aghalabu hautokani na kukosa kifaa kipya, bali na kipuri kidogo cha tangu awali ambacho kimekufa, kimechoka au kimeng'olewa na mkono wa binadamu.

Tuchukue mfano wa Toyota Starlet ya zamani, gari ambalo limewabeba walimu wengi wa nchi hii. Kampuni ya Toyota iliacha kuliunda mwaka 1999, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, hakuna Starlet changa ya aina hiyo inayoweza kutua Mombasa leo. Za aina hiyo zilizo barabarani zote zimepita robo karne. Zile zenye injini ya 4E-FE, ya sentimita za ujazo 1,331, hazina kabureta. Petroli hupimwa na kompyuta ndogo ambayo huamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Ili petroli iungue sawasawa, kilo 1 yake huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kompyuta haina macho ya kuuona uwiano huo. Hutegemea wajumbe, yaani vihisi vinavyoileta habari ya joto la maji ya injini, ya hewa inayoingia, na ya oksijeni iliyobaki katika moshi unaotoka. Mjumbe akisema uongo, kompyuta nayo hutoa hukumu ya uongo, na anayelipa faini ni mwenye gari.

Kipuri cha kwanza katika kesi hii ni themostati. Hiki ni kilango kidogo chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, kilango hufunga na kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate joto upesi. Maji yanapofikia nyuzi 82 hivi za Selsiasi, nta huyeyuka, hutanuka na kukisukuma kilango kifunguke. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika gereji nyingi zetu kipuri hiki hung'olewa na kutupwa, kwa hoja kwamba hii ni nchi ya joto. Fundi anayesema hivyo amesahau asubuhi ya Julai kule Limuru! Isitoshe, joto linalotakiwa ndani ya injini halina uhusiano na jua la nje, maana hata Mombasa wakati wa kaskazi hapafikii nusu ya nyuzi hizo.

Themostati ikiondolewa, maji huzunguka bila breki na injini hukawia kupata joto, pengine isilipate kabisa katika safari fupi. Kihisi cha maji huarifu kwamba injini ingali baridi. Kompyuta, kwa utiifu wake, huendelea kumwaga petroli ya ziada kama ifanyavyo gari linapowashwa alfajiri. Petroli hiyo nyingine huosha oili kwenye kuta za silinda, na oili yenyewe, kwa kuwa ni nzito ingali baridi, huongeza msuguano. Hivyo mwenye gari hupoteza mara mbili: leo kwenye kituo cha mafuta, na kesho kwenye injini iliyolika kabla ya wakati wake.

Tusiwashutumu mafundi bila kusikiliza upande wao. Wengi huondoa themostati kwa sababu gari limeletwa likichemka na mwenyewe hana pesa za rejeta mpya. Lakini kilichoziba rejeta ni kutu na magadi ya maji ya mfereji yaliyotiwa miaka nenda miaka rudi badala ya maji maalumu ya rejeta. Kuing'oa themostati ni kuuficha ugonjwa, si kuutibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kipuri cha pili ni kihisi cha oksijeni, kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Hiki ndicho humwambia kompyuta iwapo petroli imezidi au imepungua. Kwa kuwa huishi ndani ya moshi na joto kali, huchoka na kuanza kutoa habari zilizochelewa au za uongo. Serikali ya Marekani, katika ushauri wake kwa madereva, hueleza kwamba kurekebisha kasoro kubwa kama ya kihisi hiki kunaweza kuboresha mwendo wa gari kwa kila lita kwa hadi asilimia 40. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, wala si ahadi kwa kila gari. Lakini hakuna sumaku iliyowahi kukikaribia.

Plagi zilizolika nazo zina hila yake. Cheche ikikosa kuruka, petroli na hewa hutoka bila kuungua. Kihisi huiona oksijeni ile iliyosalia, hudhani petroli ni haba, na kompyuta huongeza nyingine. Kosa la plagi moja huzaa kosa la pili, nalo la pili humaliza tangi. Kuhusu chujio la hewa, wengi watastaajabu. Katika magari ya zamani ya kabureta, chujio lililoziba lilikula petroli kweli. Lakini majaribio yaliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika magari yanayoongozwa na kompyuta, uchafu wa chujio huiba nguvu za kupandia mlima zaidi ya kuiba mafuta. Libadilishwe, naam, ila lisitarajiwe kufanya miujiza.

Kwa nini basi hirizi hazifui dafu? Jibu limo katika somo la fizikia. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba injini yoyote inayotumia joto haina budi kutupa sehemu ya joto hilo. Katika gari la petroli, sehemu kubwa ya kawi hutoka kwa moshi na kwa rejeta, na ni kiasi kidogo tu, pengine robo, kinachofika kwenye magurudumu. Injini yenye afya huunguza zaidi ya asilimia 95 ya petroli inayoingia. Muuza sumaku anayedai kwamba kifaa chake huifanya petroli iungue vizuri zaidi na kuokoa nusu ya mafuta anataka kuokoa kitu ambacho hakikupotea. Shirika la kulinda mazingira la Marekani limepima au kuchunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo, na halikupata kimoja kilichopunguza matumizi kwa kiasi cha maana.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoweza kuifaa jamii. Hakuna haja ya maabara. Jaza tangi hadi bomba la kituo lijifunge lenyewe mara ya kwanza, kisha andika kilomita zilizo kwenye mita. Endesha kama kawaida, rudi kwenye bomba lilo hilo, jaza tena vivyo hivyo, na ugawe kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kugusa kipuri chochote. Baadaye badilisha kitu kimoja tu, upime tena. Anayebadilisha plagi, themostati na oili siku moja hatajua ni ipi iliyomwokoa. Na ikiwa injini imelika hata haishiki mgandamizo, vipimo vya fundi vitafichua hilo mapema, kabla ya pesa kumwagwa kwenye vipuri visivyoweza kuiponya.

Hesabu nayo ni somo. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, hufika kilomita 880. Likienda kilomita 10 kwa lita hula lita 88. Likirekebishwa hata likaenda 13, hula takriban 68. Lita 20 zimeokolewa. Wanafunzi wazizidishe kwa bei iliyotangazwa mwezi huo, kisha wazilinganishe na bei ya themostati.

Bei hizo za tarehe 14 haziko mikononi mwetu. Kilicho mikononi mwetu ni daftari, kalamu na uthubutu wa kumuuliza fundi swali moja kabla hajafunga boneti: kile ulichokitoa, umekirudisha?