Sumu ya Shambani: Habari Yako Yaweza Kufika Geneva



Yule anayebeba bomba la dawa mgongoni huona mbele yake magugu, safu za miche na nyapara. Mara chache huambiwa kwamba jina la dawa iliyomo ndani ya bomba lile limekwisha kujadiliwa na wajumbe wa serikali zaidi ya mia moja, tena si mara moja. Makala haya yanaeleza jinsi mashauri hayo yanavyoendeshwa, na mahali ambapo mfanyakazi wa shamba anaweza kutia sauti yake.

Zamani dawa nyingi zilizokatazwa katika nchi tajiri ziliendelea kuuzwa katika nchi zetu. Mwaka 1985 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipitisha kanuni za biashara na matumizi ya dawa hizo. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, nalo likapitisha mwongozo wake. Lakini kanuni hizo zote zilikuwa za hiari. Aliyetaka alizifuata, asiyetaka aliziacha.

Kwa sababu hiyo serikali zilikutana Rotterdam, Uholanzi, Septemba 1998, zikapitisha mkataba ulioanza kuwa na nguvu ya sheria Februari 2004. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote ni wanachama.

Mkataba unasema nini?

Kwanza tuondoe kosa moja. Mkataba huu haupigi marufuku dawa yoyote. Unaweka orodha. Dawa ikiingia katika orodha, kila nchi hupelekewa maelezo ya hatari zake, kisha hujibu: tunakubali iingie, tunakataa, au tunakubali kwa masharti. Nchi inayouza yapaswa kuhakikisha kwamba wafanyabiashara wake wanaliheshimu jibu hilo. Na nchi inayokataa haiwezi kuikataa kwa jirani mmoja na kuipokea kwa mwingine, wala kuitengeneza yenyewe kwa matumizi ya nyumbani. Kwa maneno mengine, mgeni haingii mpaka apige hodi na aitikiwe karibu.

Kabla dawa haijaingia katika orodha, huchunguzwa na kamati ya wataalamu 31 kutoka pande zote za dunia. Kamati ikiridhika, hupeleka shauri mbele ya mkutano wa nchi wanachama. Lakini hapo sharti wote wakubaliane. Nchi moja ikisimama na kupinga, shauri hukwama.

Wenzetu wa viwandani wanaufahamu mfano wa asbesto nyeupe, iliyotumika katika mabati ya saruji na breki za magari. Shirika la Afya Duniani linasema asbesto za aina zote huleta kansa. Hata hivyo, shauri la kuiingiza katika orodha lilifikishwa mkutanoni mwaka 2006 likapingwa na nchi chache, na mkutano wa 2025 nao ulimalizika bila makubaliano. Faida ya wachache imezuia hata kupiga hodi.

Mlango wa mfanyakazi

Kwa kawaida dawa haichunguzwi na kamati mpaka nchi za pande mbili za dunia ziwe zimeipiga marufuku au kuibana vikali. Lakini Kifungu cha 6 cha mkataba kinafungua mlango mwingine. Nchi inayoendelea, hata ikiwa peke yake, yaweza kuleta dawa inayowadhuru watu wake katika matumizi ya kawaida. Ushahidi unaotakiwa ni matukio yaliyotokea shambani.

Burkina Faso ilipita mlango huo. Ilikusanya habari za wakulima walioumizwa na dawa ya magugu yenye paraquat, sumu ambayo haina dawa ya kuiondoa mwilini ikishamezwa, na ambayo huharibu mapafu. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuikataza mwaka 2007, lakini iliendelea kutengenezwa Uingereza na kuuzwa nje. Wataalamu waliikubali hoja ya Burkina Faso. Mkutano wa 2013 ukakwama, na wa 2025 vilevile.

Chad nayo ilipeleka shauri la fenthion, dawa inayonyunyiziwa ndege waharibifu wa nafaka aina ya kweleakwelea. Shauri lilikwama mwaka 2015, likarudishwa tena na tena, na mwaka 2025 huko Geneva dawa hiyo iliingia katika orodha. Miaka kumi ni mingi, lakini mlango ulifunguka.

Tufanye nini?

Tujiulize: ni matukio mangapi ya mashamba yetu yaliyokwisha kuandikwa? Kibarua anayetapika baada ya kunyunyiza husema ana malaria, kwa kuogopa kukosa ujira wa kesho. Nyapara humwambia apumzike kivulini, na habari inaishia hapo. Sumu ile haijulikani kuwa imemdhuru mtu, na wajumbe wanaosema kwamba haina neno ikitumiwa vizuri hawana wa kuwajibu.

Basi kila tawi lifungue daftari. Mtu akidhurika, aandikwe siku ile ile: jina la dawa na jina la sumu yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, kazi aliyokuwa akifanya, kama alipewa glavu, buti na miwani, dalili alizoziona, na zahanati aliyopelekwa. Karatasi ya kopo isitupwe. Nakala ipelekwe ofisi ya serikali inayosimamia dawa za kilimo, na katibu wa tawi adai majibu.

Tangu mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani limeweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Haki hiyo haitajiandika yenyewe katika daftari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.