Breki Kubwa kwa Gari la Aila: Tupime Kabla ya Kununua



Magari makubwa yamekuwa mengi katika mitaa yetu, kuanzia Likoni na Ukunda hadi Msambweni na Lunga Lunga. Prado, Pajero, Hilux Surf na Forester zimekuwa majina ya nyumbani. Mengi kati yake ni mitumba ya Japani iliyoteremshwa katika bandari ya Mombasa, na sheria yaruhusu yaingie nchini yakiwa hayajapita umri wa miaka 8. Aila huyapenda kwa sababu za maana. Njia za Kinango na Kikoneni zina mawe na matope, watoto ni wengi, wazee hawastareheki katika gari dogo, na siku ya harusi au maziko gari moja hubeba watu, masufuria na magunia ya mchele kwa safari moja.

Pamoja na magari hayo imeingia desturi nyengine: kuondoa breki zilizokuja na gari na kufunga kubwa zaidi. Wapo wanaofanya hivyo kwa haja, na wapo wanaovutiwa tu na kalipa nyekundu inayoonekana kupitia rimu. Fedha inayotumika ni ya nyumba nzima, na wanaobebwa ni watoto wetu. Kwa hivyo jambo hili haliwahusu akina baba na mafundi peke yao. Tumeona ni vyema tulieleze kwa utaratibu: breki kubwa zina faida gani, nani anazihitaji, na vipi tuhakikishe kwamba gurudumu litazikubali.

Breki na moto wake

Gari linapokwenda huwa na nguvu ndani yake, na kulisimamisha ni kuiondoa nguvu hiyo. Breki huigeuza kuwa joto. Pedi mbili hukibana kisahani cha chuma tunachokiita diski, na msuguano wake hukipasha moto. Joto hilo haliongezeki sambamba na mwendo. Gari likitoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, mwendo umezidi mara 2, lakini joto la kulisimamisha limezidi mara 4. Uzito nao una hesabu yake: abiria na mizigo wakiongezeka, joto huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo.

Mteremko ni mtihani mkubwa zaidi. Mji wa Kwale uko juu ya vilima vya Shimba, na anayetoka huko kwenda Kombani hushuka mfululizo. Kila mita 100 za wima anazoshuka ni sawa na kulisimamisha gari hilo karibu mara 4 kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ikiwa breki peke yake ndiyo inayolizuia. Dereva anayekanyaga breki kutoka juu hadi chini hunusa harufu ya kuungua, kisha akaona gari haliitiki kama mwanzo.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Kipimo cha chini kinachotakiwa kwa mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya ni kutochemka kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kipimo hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230, na baada ya kunyonya maji ni 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi: mguu huzama hadi sakafuni na gari laendelea kwenda. Sisi tunaoishi kando ya bahari, ambako chumvi ya mezani hulowa ikiachwa wazi usiku mmoja, twapaswa kulijua hilo kuliko watu wa bara.

Faida ya breki kubwa, na mpaka wake

Diski pana hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, pedi hushika mbali na kitovu cha gurudumu, na nguvu ile ile huzaa uzuizi mkubwa zaidi. Mlango husukumwa kwa wepesi penye kitasa, lakini penye bawaba ni mzito. Pili, chuma kingi hubeba joto jingi bila kupata moto kupita kiasi. Sufuria ya pilau ya arusi na kikombe cha chai vikiwekwa juu ya moto mmoja, kikombe ndicho kitakachochemka mwanzo.

Hata hivyo, kinachogusa lami ni tairi. Ikiwa breki za sasa ni nzima na zaweza kuyafikisha magurudumu kwenye kiwango cha mwisho cha mshiko wa matairi, hapo ambapo mfumo wa ABS huanza kutetemesha kanyagio, breki kubwa hazitafupisha sana msimamo mmoja wa dharura. Faida yake huonekana katika kusimama mara kwa mara, katika miteremko mirefu na kwa mizigo mizito. Wala hazimwongezei dereva wepesi wa kuona. Gari lililo katika mwendo wa 80 hupita mita 22 kwa kila sekunde, na sekunde moja hupotea kabla mguu haujafika kwenye kanyagio. Mtoto anayevuka barabara Ukunda au Mwabungo hataokolewa na diski ya gari lililokuwa likikimbizwa.

Nani basi anayezihitaji? Ni mwenye gari linalojaa watu 7 na mizigo kila safari, anayevuta mashua kwa trela, aliyefunga matairi mazito na vyuma vya ziada, au anayepanda na kushuka Kwale kila siku akiwa na shehena. Aila ambayo gari lake hupeleka watoto madrasa na skuli kisha likapitia sokoni haina dharura hiyo.

Tuanze na zilizopo

Mara nyingi gari linalosemwa kuwa na breki dogo huwa na breki iliyoachwa. Hewa ya chumvi hula diski, na gari lililolala siku kadhaa karibu na ufuo wa Diani huamka na kutu juu yake. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake hukauka na kushika, pedi moja ikaisha na ya pili ikabaki nene. Hozi za mpira huchakaa, na breki ya mkono hukwama.

Kwa hivyo kwanza tubadilishe pedi na diski zilizoisha, tusafishe pini na kuzipaka grisi ya breki, tukague hozi, na tumwage mafuta ya zamani. Watengenezaji wengi hushauri mafuta yabadilishwe kila miaka 2. Tukiteremka Kwale, tuweke gia ya chini ili injini izuie gari. Aghalabu baada ya hayo yote gari hurudisha adabu yake, na fedha iliyobaki ikalipa matairi mazuri.

Nafasi ndani ya rimu

Tuseme haja imethibitika. Hapo swali kubwa ni nafasi, kwani kalipa kubwa yapaswa kuishi ndani ya gurudumu bila kuligusa.

Rimu ya inchi 16 ina kipimo cha milimita 406, lakini hicho ni kipimo cha pale tairi linapokalia. Tumbo la ndani ni jembamba zaidi, na kila mtengenezaji ana umbo lake. Rimu mbili zenye namba moja zaweza kuhitilafiana: moja ikaipokea kalipa na nyengine ikaikataa.

Mfano unaojulikana ni wa Hilux Surf iliyotoka baina ya 1996 na 2002, ambayo Marekani huitwa 4Runner. Wenye magari hayo huko wamezoea kufunga kalipa na diski kubwa za gari jengine la Toyota, Tundra, kwa sababu hukubali kufungwa penye matundu yale yale. Pamoja na ujamaa huo, rimu za inchi 15 hukataa kuingia, baadhi ya zile za inchi 16 huhitaji kupimwa moja moja, na bamba la vumbi lililo nyuma ya diski hukatwa au kukunjwa. Ikiwa ndugu wa tumbo moja wapatana kwa shida hivyo, sembuse kalipa ya gari la kampuni nyengine?

Kupima si kazi ngumu. Watengenezaji wengi wa breki kubwa hutoa mchoro wa kalipa kwa ukubwa wake halisi. Mchoro hubandikwa juu ya kadibodi na kukatwa, kama fundi cherehani anavyokata kiolezo kabla ya kutia mkasi katika kitambaa cha watu. Gurudumu huvuliwa, kiolezo kikawekwa ndani ya rimu na kuzungushwa. Kisipopita, breki hiyo isinunuliwe.

Kalipa ikishafungwa, zipo sehemu tatu za kutazamwa: baina ya mgongo wa kalipa na tumbo la rimu, baina ya uso wake na mikono ya rimu, na penye risasi za kusawazisha gurudumu, ambazo hubandikwa ndani na husahauliwa. Bandika vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto juu ya kalipa, funga gurudumu, likaze, kisha ulizungushe kwa mkono. Ukilivua, unene wa udongo uliobaki ndio nafasi yako. Mafundi wengi hawakubali ipungue milimita 3. Kipimo kifanywe pedi zikiwa mpya, kwa sababu katika kalipa za kuteleza ndipo mwili wake huwa karibu zaidi na mikono ya rimu.

Baadaye usukani uzungushwe kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, ili kuhakikisha kwamba hozi haivutwi wala tairi halisugui popote.

Nafasi ikikosekana, asiruhusu mtu kalipa kusagwa kwa tupa. Spesa, yaani bamba linalosogeza gurudumu nje, nayo si ya kuchezewa: hupunguza urefu wa stadi unaoshikwa na nati, na nati chache zilizoshika kwa ncha ni hatari kuliko breki ndogo.

Rimu kubwa na kipimo cha tairi

Wengi huamua kupanda kutoka rimu ya 16 hadi 17 au 18. Hilo lafaa, mradi urefu wa gurudumu zima usibadilike. Tairi la 265/70 kwa rimu ya 16 lina urefu wa milimita 777; la 265/65 kwa rimu ya 17 lina 776; na la 265/60 kwa rimu ya 18 lina 775. Tofauti ni ya milimita 1 kila hatua, na kwa hivyo saa ya mwendo haitadanganya wala tairi halitagusa matope ya gari. Lakini tunalipa kwa kitu kimoja: ukuta wa tairi unakuwa mfupi, na mashimo ya njia za ndani hufika kwenye rimu upesi zaidi.

Spea iliyosahauliwa

Hapa ndipo tungependa kila mama atie mkazo. Breki hubadilishwa, rimu 4 mpya hununuliwa, na gurudumu la tano lililofungwa nyuma au chini ya gari hubaki lile la zamani. Siku tairi likipasuka baada ya Magharibi, baina ya Msambweni na Ramisi, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma, spea hutolewa ikagoma kuingia kwa sababu kalipa imeizidi. Jeki ipo, spana ipo, nati zipo, na gari haliendi popote. Spea ijaribiwe mbele na nyuma siku ile ile ya kufunga breki, kabla fundi hajalipwa.

Maswali ya kuuliza gerejini

Mwanamke anayeingia gerejini aghalabu hujibiwa kwa haraka. Basi na aende na maswali yake. Je, nafasi ya kalipa imepimwa kwa milimita ngapi, naye aonyeshwe? Spea imejaribiwa? Breki za mbele zikikuzwa, uwiano wake na za nyuma umeangaliwa, na pampu kuu yatosha kusukuma mafuta? Hewa yote imetolewa katika mfumo? Taa ya ABS imezima? Vipuri vina risiti na jina la mtengenezaji? Pedi bandia ziko sokoni, na hufanana na halisi kwa rangi na sanduku.

Gari likitoka, nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Pedi mpya huzoeshwa kwa kusimama taratibu mara kadhaa katika barabara tulivu. Foleni ya Likoni si mahali pa kuzijaribu. Kampuni ya bima au takaful nayo ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, ili siku ya madai pasiwe na mabishano.

Ndugu wasomaji, wanavyuoni wetu wamehesabu kuhifadhi nafsi na kuhifadhi mali katika makusudio makuu ya sheria. Katika jambo hili mawili hayo hayagombani. Anayepima kwanza huokoa fedha yake, na anayeokoa fedha kwa kutonunua asichokihitaji hupata ya kununua matairi na mafuta mapya ya breki. Wikendi hii, kabla ya safari, tuifungue kofia ya gari, tutazame kiasi na rangi ya mafuta ya breki, kisha tuizunguke gari na kuigusa spea.

Mwenyezi Mungu azilinde safari zetu na awarudishe watoto wetu majumbani wakiwa salama. Amin.