MAJI YA MAJANI YA MPERA KWA KUPANGUSA USO



Kiangazi kikifika, vumbi ya barabara ya Baraka–Fizi inaingia mpaka ndani ya shuka, na jasho nayo inafanya kazi yake. Kila mtu anatafuta dawa ya uso. Wengine wanapakaa ndimu, wengine dantifrisi, na wengine wanakwenda sokoni kununua kreme za kugeuza rangi kwa feza ya minervali. Sisi makapita tumeona vizuri kueleza kitu kimoja kipole ambacho kila mtu anaweza kutengeneza nyumbani bila bei. Lakini tuelewane kwanza: maji haya ni ya kusafisha na kutuliza ngozi, si ya kugeuza rangi yake.

KWA NINI USO UNAUMIA NA SABUNI?

Wale wa shimi wanakumbuka kipimo cha pH. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni asidi. Ngozi yenye afya iko karibu na 5. Sabuni ya kipande, hata ile ya mawese tunayoizoea, inafika 9 au 10, na maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yako karibu na 9. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Basi ukisugua uso kwa sabuni mara nne kwa siku, unaondoa mafuta yanayolinda ngozi, na uso unabaki mkavu na kuwasha. Ngozi inajitengeneza yenyewe kisha saa chache, lakini tuipe nafasi. Sabuni asubuhi na magaribi inatosha.

Majani ya mpera yana tanini, kile kitu kinachofanya chai kali isiyo na sukari ishike ulimi. Tanini inashika juu ya ngozi vilevile, na kwa muda uso haung’ai mafuta. Hiyo ndiyo kazi yake yote, tusiongeze uongo.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Chuma majani kumi ya mpera, machanga na mazima. Yaoshe vizuri.

2. Chukua glasi mbili za maji. Ukiweza, chota ya chemchem au ya pompi, sababu maji ya ziwa yanabaki na chumvi zake hata yakichemka. Kama maji yana matope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa.

3. Weka sufuria juu ya mbabula. Maji yakichemka sana, tia majani na uache yachemke dakika kumi. Hapana kuruka hatua hii! Hapa kwetu kolera tunaijua, na maji yasiyochemshwa hayafai kukaribia mdomo wala macho.

4. Funika, acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi. Tia ndani ya chupa uliyoisuuza kwa maji ya moto.

5. Pakaa kidogo ndani ya kiwiko, ngojea siku nzima. Kama panawasha au panakuwa pekundu, majani haya si yako, acha.

6. Kama hakuna kitu, nawa uso, suuza, kisha pangusa polepole kwa pamba au kitambaa safi. Usisugue, usifikishe machoni wala juu ya kidonda. Tena uwe mwangalifu: maji haya yanatia alama ya kahawia, na shati letu ni jeupe.

7. Tengeneza kidogo kidogo. Bila frigo, tumia siku ileile na mwaga kinachobaki. Ndani hakuna dawa ya kuzuia viini. Maji yaliyolala siku tatu kwenye joto yanaweza kuleta ugonjwa kuliko kuuondoa. Kila mtu na kitambaa chake.

VITU VYA KUTOONGEZA

Ndimu: maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi yanaweza kuunguza na kuacha madoa meusi kwa wiki nyingi. Lutuku na pombe nyingine kali: zinakausha. Dantifrisi: ni ya meno.

Na zile kreme? Nyingine zina hidrokinoni, nyingine klobetasoli, ambayo ni dawa kali ya daktari na inafanya ngozi kuwa nyembamba. Nyingine zina zebaki, ile ambayo watafutaji wa zahabu wanaitumia kukamata vumbi ya zahabu. Zebaki inaingia kupitia ngozi na kuharibu figo. Afrika ya Kusini ilikataza hidrokinoni katika vipodozi mwaka 1990. Mwaka 2013 mataifa yalikubali mkataba juu ya zebaki unaoitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu walipata sumu hiyo kwa kula samaki. Mkataba huo uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kreme za zebaki kati ya mataifa. Hata hivi zinaendelea kuuzwa, mara nyingi bila kuandikwa kilicho ndani.

Mwisho, vipele vya miaka yetu vinatoka kwa homoni zinazoongeza mafuta ya ngozi. Si uchafu, si alama ya tabia mbaya. Basi tusimcheke mwenzetu mwenye vipele, sababu kicheko ndicho kinachomsukuma kwenda kununua kreme. Vikiwa vikubwa na vyenye maumivu, maji ya mpera hayatoshi. Aende dispansere, na tumsindikize.

Mpera ni wa bure, na ngozi ni moja tu. Tuitunze.

Makapita wa mwaka wa mwisho